Maswali ya wanaoanza kukimbia huku kwetu: Mbeya, Iringa, Njombe na jirani zake

Haya maswali nayapata kila wiki, kwenye meseji, kwenye grupu la WhatsApp, hata sokoni mtu ananisimamisha na mfuko wa nyanya mkononi anauliza habari za goti. Nimeona bora niyaweke sehemu moja. Nimeandika kwa ajili ya mtu wa huku, maana maelekezo mengi ya mtandaoni ni ya mtu anayeishi sehemu tambarare, ana njia yake ya lami ya watembea kwa miguu, na sisi tuna milima, baridi, vumbi, malori ya Tunduma na hewa nyepesi. Utaona narudia sana neno taratibu. Nalirudia kwa makusudi, kwasababu wengi ninaowaona wanaacha, wameacha kwasababu walianza kwa fujo.

Sijakimbia tangu mchakamchaka wa shule ya msingi. Naanzia wapi?

Unaanza na kutembea. Najua hujaja hapa kusikia hivyo lakini kama siku nzima umekaa dukani au ofisini na safari zako zote ni za bajaji na boda, wiki mbili za mwanzo tembea tu, haraka haraka kama mtu aliyechelewa kikao, nusu saa, siku nne au tano kwa wiki. Ukishaona nusu saa ya kutembea haikuchoshi ndo unachanganya na kukimbia.

Sasa hapo kwenye kuchanganya ndo kwenyewe. Tembea dakika 5 za kupasha mwili moto, alafu kimbia dakika 1, tembea dakika 2, kimbia 1, tembea 2, hivyo hivyo mara nane, malizia na kutembea dakika 5. Jumla haifiki dakika 35. Fanya siku tatu kwa wiki na katikati uweke siku ya kupumzika, mfano Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Baada ya wiki mbili ikiwa mwili umekubali, kimbia 2 tembea 2. Baadaye 3 kwa 1, kisha 5 kwa 1, unaenda hivyo mpaka siku moja unajikuta umekimbia nusu saa bila kusimama. Wengine wanafika hapo wiki ya kumi, wengine ya kumi na sita, na wote wako sawa kabisa. Wiki ikikushinda irudie, hakuna anayekusahihishia.

Dakika ile ya kwanza utaiona fupi mno, utataka uongeze. Usiongeze. Mwezi wa kwanza unatakiwa urudi nyumbani ukiwa bado una hamu, sio umelala kwenye ngazi za baraza.

Mbona nikikimbia dakika mbili tu pumzi inakata? Au mapafu yangu ni mabovu?

Hili ndo swali namba moja na naomba ulisome vizuri kwasababu limewakatisha tamaa watu wengi wazima kabisa.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa karibu 1,600. Njombe inakaribia 2,000 na Makete ndo unapanda zaidi. Kwenye mwinuko kama wa Mbeya mgandamizo wa hewa unapungua, kwahiyo kila ukivuta pumzi moja unapata oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na mtu aliyeko Dar au Tanga. Mwili wa mtu aliyezaliwa huku umezoea kwa shughuli za kawaida, unapanda mlima na ndoo kichwani huku unapiga stori, lakini kukimbia ni kazi nyingine, misuli inadai oksijeni nyingi kwa mara moja na moyo ambao haujafanyishwa mazoezi hauwezi kuileta kwa wakati. Ndo maana unahema kama umefukuzwa.

Sio mapafu mabovu. Ni kwamba unakimbia haraka kuliko moyo wako unavyoweza kwa sasa. Ukipunguza mwendo utashangaa, mtu yule yule aliyekatika pumzi dakika ya pili anakwenda dakika sita. Na hata wakubwa mwinuko unawasumbua. Mkimbiaji wetu wa marathoni John Stephen Akhwari alipokwenda Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, mji ule uko mita 2,240 hivi, misuli ilimkaza, akaanguka, akaumia goti na bega, akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika. Yule alikuwa mkimbiaji wa taifa aliyejiandaa, sembuse wewe wa wiki ya kwanza.

Nimehamia Mbeya kikazi kutoka Dar, kule nilikuwa nakimbia kilomita 8 bila shida, huku nakufa kwenye 3. Nimerudi nyuma?

Hapana dada, hujarudi nyuma. Wiki ya kwanza mwili unashangaa tu, wiki mbili hadi tatu unaanza kuzoea, unatengeneza chembe nyekundu za damu zaidi na hilo linaendelea kwa wiki kadhaa. Siku nne tano za mwanzo tembea tu, alafu rudi kwenye nusu ya ulichokuwa unakimbia na usiangalie saa. Ukija kushuka Dar likizo utaona mwenyewe unavyopaa, ila joto lake ndo litakukumbusha.

"Taratibu" ni taratibu kiasi gani?

Kiasi cha kuongea. Ukiwa unakimbia na mwenzio mnaweza kupiga stori kwa sentensi nzima nzima. Ukianza kujibu kwa neno moja moja, "ndio", "eee", umezidisha. Uko peke yako? Sema kwa sauti majina ya vituo vya daladala kutoka kwako mpaka mjini, ukikatika njiani punguza.

Na tukiangalia vizuri mchakamchaka ule wa shule ulikuwa umelijua hili siku nyingi. Kiongozi anaimba, kundi linaitikia, na kundi lililozidishiwa mwendo haliitikii, linakoroma. Kwahiyo mwendo wako wa kuanzia ni ule ambao ungeweza kuitikia. Wengine mwendo huo utakuwa sawa na wa mama anayewahi sokoni kwa miguu, na mama atakupita. Mwache apite.

Saa ya kisasa inayopima mapigo ya moyo huihitaji. Ukiwa nayo sawa, lakini usikubali ikupangie maisha.

Viatu gani? Lazima niagize vya bei mbaya?

Hulazimiki. Lakini kiatu ndo kitu pekee ambacho nitakusisitiza utoe hela kidogo na muda mwingi. Yeboyebo, malapa na raba zile nyembamba za kitambaa za kutokea ziache kwa kazi zake.

Mitumba ya Mwanjelwa ina raba nzuri sana za kukimbilia ukiwa na subira ya kupekua, na Iringa na Njombe siku ya mnada vile vile. Nitakuelekeza ninavyokagua. Kwanza geuza kiatu uangalie soli, kama kisigino kimelika upande mmoja mpaka rangi ya chini imetokea kirudishe, mwenye kiatu alikuwa na mwendo wake na wewe utaurithi. Pili bonyeza kwa dole gumba ile sponji iliyo kati ya soli na kiatu, upande wa kisigino. Inatakiwa ibonyee kidogo na irudi. Ikiwa ngumu kama tofali au ina mikunjo mingi mingi ya kulala kama ngozi ya mzee, sponji imekufa, hata kama juu kinang'aa kimeoshwa na sabuni na brashi. Tatu kikunje: kinatakiwa kipinde pale vidole vinapopinda, kikipinda katikati kabisa ya unyayo hakifai. Nne, vuta taratibu pale soli ilipoungana na kiatu uone kama gundi imeachia, maana wauzaji wanabandika upya na ile gundi ya dukani haimalizi mvua moja ya Tukuyu.

Alafu jaribu na soksi, vyote viwili, usimame. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, kwasababu mguu unavimba ukikimbia na kwenye mteremko unasukumwa mbele, kiatu kikibana kucha inageuka nyeusi. Jioni ndo muda mzuri wa kununua, mguu unakuwa umeshatanuka wa siku nzima. Na muuzaji akikuambia "kitaachia chenyewe", mwambie asante ondoka.

Kiatu kimoja kizuri kinakwenda kilomita 500 mpaka 800 kabla sponji haijachoka, na cha mtumba kimeshatumika kiasi ambacho hukijui, kwahiyo miguu ikianza kuuma bila sababu kiangalie kwanza kiatu.

Baridi ya mwezi wa sita inanishinda kutoka kitandani. Nifanyeje?

Baridi ya huku sio ya utani, asubuhi za Juni na Julai Mbeya na Njombe mtu anatoa moshi mdomoni na kule Kitulo na Makete unakuta barafu imelala juu ya majani. Ila baridi yenyewe sio adui wa mkimbiaji, joto ndo adui. Ukishakimbia dakika kumi mwili unawaka.

Vaa nguo mbili tatu nyepesi badala ya koti moja zito. Fulana ndani, traki juu, kofia ya sufu na glovu kama unazo, hata soksi za zamani mikononi zinafaa. Toka ukiwa unasikia kibaridi kidogo, ukitoka una joto tayari utaloa jasho na jasho likipoa ndo unatetemeka. Ukimaliza usisimame nje kupiga soga na fulana mbichi, ingia ndani ubadilishe, unywe chai.

Kupasha mwili ndani ya nyumba kabla ya kutoka kunasaidia sana. Zungusha mikono, nyanyua magoti papo hapo, panda na kushuka ngazi. Na kama asubuhi haiwezekani kabisa kimbia jioni saa 11, hakuna aliyeandika kwamba mazoezi ni alfajiri tu. Kwanza huku kwetu tuko magharibi, kunachelewa kupambazuka, mwezi wa sita jua la Mbeya linachomoza karibu saa 1, ukitoka saa 11 alfajiri unakimbia gizani.

Jambo moja watu wanalisahau: jua letu linachoma hata kukiwa na baridi, ukipanda juu miale inazidi ukali. Saa 4 asubuhi mpaka saa 9 mchana kofia ni lazima.

Kila njia ya kwetu ni mlima. Nitakimbia wapi?

Milima itembee. Nasema kweli, itembee, hata wanaokimbia mbio za milimani wanatembea kwenye mwinuko mkali. Ukitaka kuukimbia baadaye, fupisha hatua, inama mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu sio kiunoni, angalia mita chache mbele na usilazimishe mwendo ule ule wa tambarare.

Mteremko ndo unaoumiza, ingawa ndo unaopendwa. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, inavutwa huku imekaza, na kesho yake unashindwa kushuka ngazi. Miezi miwili ya mwanzo mteremko mkali nao utembee.

Kwa wa Mbeya, uwanja wa Sokoine na mitaa ya Forest vinamfaa anayeanza, hakuna fujo nyingi na miti ipo. Iringa jaribu mitaa ya Gangilonga asubuhi, au uwanja wa Samora. Njombe na Mufindi mna barabara za vumbi zinazokatiza kwenye chai na misitu ya kupandwa, kwakweli nawaonea wivu, udongo ni laini kwa magoti kuliko lami. Ukipata hata sehemu moja tambarare ya mita 300 inatosha, zunguka hapo hapo.

Vipi kuhusu magari, mbwa na usalama?

Barabara kuu ya TANZAM usikimbilie. Simaanishi "uwe makini", namaanisha usikimbilie, pale malori ya kwenda Tunduma yanapishana, bega la barabara limelika na moshi wote unaingia kwako. Ingia mitaani.

Ukiwa kwenye barabara yoyote yenye gari, kimbia upande wa kulia ili magari yanayokuja uyaone uso kwa uso. Nguo ya rangi kali, na kukiwa giza au ukungu, kama wa Tukuyu na Njombe unaofunga kabisa, valia kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda. Vipokea sauti masikioni acha, au weka sikio moja.

Mbwa: usimkimbie. Simama, mgeukie, usimkodolee macho, ongea kwa sauti nzito, rudi nyuma taratibu. Wengi wanalinda tu geti lao, ukishapita mita ishirini wanarudi. Akikung'ata au akikukwaruza kwa meno, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili na uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, usipake mafuta ya taa wala tumbaku, usisubiri uone mbwa atakuwaje. Hili nalisisitiza kwasababu kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakuna tena dawa ya kumrudisha.

Na salimia watu. Ukipita kijijini unakimbia kimya kimya watu wanajiuliza nani anafukuzwa. Ukisema "kamwene" upande wa Iringa na Njombe au "shikamoo mama" ukiwa unapita, wiki ya pili watoto wanakimbia na wewe na wazee wanakuulizia usipopita.

Mi ni mwanamke, nikikimbia mtaani naambiwa maneno. Na nivae nini?

Pole, na sio kosa lako. Wanaoniambia wamevumilia wengi wanasema kitu kimoja, kutoka wawili au watatu kunapunguza maneno kwa kiasi kikubwa, na kubadilisha njia na saa ili asiwepo mtu anayejua Jumanne saa 12 na nusu uko wapi. Mtu mmoja nyumbani ajue njia uliyopita na saa ya kurudi. Ukitumia programu ya simu ya kurekodi mbio kama Strava funga ile sehemu inayoonyesha wapi unaanzia na kuishia.

Mavazi ni unachojisikia huru nacho. Skintaiti na fulana ndefu, traki, hata sketi pana juu ya taiti, wanaovaa hijabu wanatumia ile nyepesi ya kitambaa kinachokausha jasho. Kitu cha kutumia hela ni sidiria ya michezo inayobana vizuri, bila hiyo mabega na mgongo vitauma. Siku za hedhi kukimbia ruksa kabisa kama unajisikia, wengine maumivu yanapungua. Mjamzito au aliyejifungua karibuni aongee kwanza na nesi wa kliniki.

Kichomi cha ubavuni kinatoka wapi?

Mara nyingi umekula karibuni, au umeanza kwa kasi, au unavuta pumzi fupi fupi za juu juu. Punguza mpaka kutembea, bonyeza pale panapouma, toa pumzi ndefu mpaka mwisho, mara kadhaa. Kinaondoka. Acha saa mbili mpaka tatu baada ya mlo mzito kabla ya kukimbia.

Miguu inauma. Najuaje kama ni kawaida au nimeumia?

Maumivu ya misuli yaliyosambaa, miguu yote miwili, yanayoanza kesho yake, yanayofika kileleni siku ya pili na kupungua ya tatu, hayo ni kawaida. Tembea, yataisha.

Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, mguu mmoja, yanayozidi ukiendelea kukimbia, hayo sio kawaida. Kwa wanaoanza yanakaa sana kwenye ugoko, ule mfupa wa mbele wa mguu, na sababu yake ni moja inayojirudia: pumzi inakuja haraka kuliko mifupa na kano. Moyo na mapafu ndani ya wiki nne hadi sita vimeshachangamka, unajisikia simba, unaongeza kilomita, ila mifupa na kano zinahitaji miezi kujiimarisha, na zenyewe hazihemi kukuonya. Kwahiyo wiki ya tano mpaka ya nane ndo wiki za hatari, pale unapojisikia vizuri. Ongeza kidogo kidogo na kila wiki ya nne punguza.

Ugoko ukianza kulalamika pumzika siku kadhaa, weka kitambaa cha maji ya baridi, tembea badala ya kukimbia, angalia viatu. Ukibonyeza mfupa na sehemu moja ndogo inauma sana, au inauma hata usiku umelala, nenda hospitali, mfupa unaweza kuwa umeanza kupata ufa.

Magoti: watu wanasema kukimbia kunaua magoti. Kwa mtu anayekimbia kwa kiasi sio kweli, magoti yake hayachakai kuliko ya anayekaa tu. Kinachosaidia goti ni paja na makalio yenye nguvu, kwahiyo mara mbili kwa wiki fanya skwati (kuchuchumaa na kuinuka) kumi na tano mara tatu, na kunyanyuka kwa vidole vya miguu ukishika ukuta. Dakika kumi tu, jikoni ukisubiri maharage.

Nile nini?

Chakula chetu cha huku kinatosha na kuzidi. Viazi mviringo, ndizi, ugali, maharage, mchele wa Kyela, parachichi la Rungwe na Njombe, maziwa, mboga za majani. Hakuna unga wa kopo unaouhitaji. Asubuhi kwa nusu saa ya kukimbia unaweza kutoka na tumbo tupu, ukiona kizunguzungu kula ndizi mbivu moja kabla. Ukirudi uji wa ulezi na yai au karanga.

Maji kunywa siku nzima, baridi inadanganya mtu haoni kiu. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea hujanywa. Ulanzi na bia usiku wa kuamkia mazoezi, waachie wengine, usingizi unaharibika na maji mwilini yanapungua.

Nataka kupungua kilo. Kukimbia kutanipunguza?

Kutasaidia, ila peke yake ni polepole. Kilomita moja inaunguza kama kalori moja kwa kila kilo ya mwili wako, mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 ni kama kalori 350, na sahani ya chipsi mayai inazirudisha zote kabla hujamaliza soda. Punguza vinavyokaangwa na vyenye sukari, endelea kukimbia, na pima kwa mkanda wa suruali kuliko mzani. Presha na hasira vinaanza kushuka, na usingizi kuwa mzuri, kabla ya kilo.

Nina presha / kisukari / pumu / nina miaka 58. Naruhusiwa?

Shikamoo mzee, na ndio, wengi wenu mnaruhusiwa na mnahitaji kuliko vijana, ila muone daktari kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea haraka kunahesabika, kwahiyo hata usipokimbia kamwe bado upo.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge apime sukari kabla, atembee na kitu chenye sukari mfukoni. Mwenye pumu, hewa ya baridi na kavu ya huku inaweza kuamsha kifua, pamoja na vumbi la mwezi wa nane mpaka wa kumi, kwahiyo pasha mwili muda mrefu, funika mdomo na skafu nyepesi na dawa ya kuvuta iwe mfukoni, sio nyumbani.

Kwa yeyote yule: kifua kikibana, maumivu yakishuka mkononi au kupanda taya, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, simama hapo hapo na utafute hospitali. Na ukiwa na homa hukimbii, subiri ipone na siku kadhaa juu yake.

Kukimbia si ni mambo ya watu wa Arusha na Manyara?

Hii hoja inanikera kidogo. Kweli Filbert Bayi aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch ni wa Karatu, lakini Alphonce Simbu aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 ni mzaliwa wa Singida. Alimaliza kwa saa 2:09:48, muda ule ule na Mjerumani aliyekuwa wa pili, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Na kuhusu mwinuko, Arusha mjini ni kama mita 1,400, sisi Mbeya, Iringa na Njombe tuko juu yake. Tunacho wanachokwenda kukitafuta wengine, hatujawa tu na mazoea ya kukitumia.

Nijiunge na klabu ya joging au niende mwenyewe?

Klabu ni nzuri kwa kuamka, mtu anakusubiri kona huwezi kumwangusha. Ila klabu nyingi za wikendi zina wakimbiaji wa siku nyingi na nyimbo zinapandisha mori, unajikuta kilomita 10 wiki yako ya pili. Nenda Jumamosi, kaa nyuma kabisa, waambie mapema unaishia kilomita 3, na siku mbili nyingine fanya ratiba yako mwenyewe.

Masika yote nisikimbie?

Mvua za huku zinaanza Novemba mpaka Aprili, Tukuyu ndo usiseme, ukisubiri ziishe umepoteza nusu mwaka. Mara nyingi mvua ni ya mchana na jioni, asubuhi kunakuwa kweupe, tumia hapo. Manyunyu hayana shida. Radi ikianza kunguruma rudi ndani, usijifiche chini ya mti. Njia ya udongo mwekundu ikilowa inateleza sana kwenye mteremko, hamia kwenye changarawe au lami ya mtaani. Viatu vikilowa toa soli ya ndani ya kiatu, jaza magazeti, badilisha baada ya saa chache, viweke karibu na jiko lakini sio juu yake, moto unaachanisha gundi.

Nijisajili lini kwenye mbio?

Ukishaweza kukimbia nusu saa mfululizo mara tatu kwa wiki, kwa mwezi mzima, jisajili kilomita 5. Mbeya Tulia Marathon inaanzia hapa hapa nyumbani na ina mbio fupi za wanaoanza, huna haja ya kusafiri. Kilomita 10 iache mpaka miezi sita hivi imepita, 21 mwaka wa kwanza ukiisha. Siku ya mbio vaa viatu vile vile ulivyovizoea, simama nyuma ya kundi, na kilomita ya kwanza kimbia kwa mwendo ule wa kuitikia wimbo hata kama watu wote wanakupita, utawakuta kwenye mlima wa kwanza wameshika viuno.